Mikizi Wetu na Nywele Zangu

Odessa, zima jiko. Wale mikizi niliokupa jana usimkaangie mkweo Jolene, na mimba yake ile.

Corinne wangu karudi sasa hivi kutoka maabara ya chuo. Unaijua kazi yake, kukausha minofu ya samaki na kuisaga unga, halafu mashine ionyeshe samaki alikula nini. Inapima nitrojeni nyepesi na nzito. Ya mikizi wa mlango wetu wa mto ni nzito kupita kiasi.

Nikamuuliza, kwani wanakula nini?

"Wanakula matope, Mama. Na nitrojeni nzito hivyo ni ya kinyesi, matope yanalishwa na mashimo ya vyoo yanayovuja."

Vyoo vya nani?

"Vyetu, Mama. Vya ufukwe huu huu."

Vyetu, Odessa. Na mimi kipande kiko mdomoni.

Nikabisha, nikasema mashine imekosea. Akacheka. "Nilipima hata nywele za kwenye kitana chako. Kila mlaji huzidi chakula chake ngazi moja ya uzito. Umemzidi mkizi ngazi moja tu."

Nimetapika kwenye sinki. Vyetu, anasema.

Watupe mikizi hao, hata paka usimpe. Nywele zangu mimi zimeshasema. Za mtoto wa Jolene ndiyo kwanza zinaota.