Na Wanaume Washike Fagio

Temeke, Jumamosi

Mpaka sasa siamini kama ile sauti ilikuwa yangu.

Jumbe wa mtaa wetu alinichagua nisome tangazo la serikali la usafi, eti kwa kuwa nimemaliza shule juzi tu. Mtaa mzima ulikuwapo. Nilisoma kwa sauti nyembamba kama ya mbu, ikabidi jirani yetu Mama Zuhura arudie kila mstari kwa kelele. Mwishoni akaongeza lake: "Na wanaume nao washike fagio!"

Wanaume wakaguna, Baba kuliko wote.

"Hilo limeandikwa, binti?" Jumbe akaniuliza.

Kusema uongo siwezi. Kumwaibisha Mama Zuhura mbele ya watu, pia siwezi. Nikaitazama tena karatasi.

"Imeandikwa watu wote wa mtaa, Jumbe. Na wanaume ni watu."

Wanawake wakapiga vigelegele! Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Baba alitembea mbele yangu kwa hatua ndefu, nami nikajua nimemkosea.

Jioni nikamkuta uani, kashika ufagio kwa mikono miwili kama jembe. Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya jiko.

"Na kule nako kumeandikwa?"

"Kumeandikwa, Baba."

Akacheka, akaenda kufagia.