Alama Moja ya Sindano

Jumatano, Likoni

Simwamini. Mume wangu amerudi kutoka hospitali akisema vipimo vyote viwili ni safi, kifua kilimuuma kwa gesi tu.

Mbona mapema hivyo? Daktari alitueleza sote wawili asubuhi. Ndani ya msuli wa moyo mna protini, troponini, imekaa kama bawabu: kalsiamu ikifika, huuachia msuli ujikaze, ikiondoka, huuzuia, moyo ukalegea. Msuli ukiumia, protini hiyo huvujia kwenye damu, lakini polepole. Ndiyo maana damu hutolewa tena baada ya saa kadhaa. Nilimwacha akisubiri, nikarudi kupika. Wali haujakauka, naye huyo mlangoni.

Nikampakulia wali, nikangoja magharibi. Alipokunja mikono ya kanzu kutawadha, nikaangalia mkono wa kulia, nikaangalia wa kushoto. Alama ya sindano ni moja.

"Baba Salma, damu ya pili walitoa wapi?"

"Niache niswali kwanza."

Akavuta kiti. Mtu ambaye sijamwona akiswali ameketi hata siku moja.

Naandika buibui likiwa mwilini. Tuktuk nimeshaiita, yeye bado hajui.