Maji ya Kupigwa Picha

Jumanne

Eti nimeandika vizuri. Mheshimiwa diwani alisoma taarifa niliyowaandikia wakazi wa wodi, kisha akaongeza sentensi yake mwenyewe: Kaloleni sasa ina maji.

Haina. Asubuhi tulileta lori la maji, tukajaza tangi la nyuma ya ukumbi, naye akafungua bomba akanawa mikono mbele ya kamera. Akina mama walipiga vigelegele. Picha zilipokwisha, fundi alilifunga.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba watu watajua. Akacheka.

"Si wewe ni mtoto wa Kaloleni? Basi Jumamosi mkutanoni utawasomea taarifa wewe. Wewe watakuamini."

Nikikataa, kazi imekwisha. Karani wa kibarua kama mimi hata barua ya kufukuzwa hapewi. Nikisoma, nitapitaje tena mbele ya milango ya watu walionilea?

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anatabasamu. Ameona picha kwenye simu ya jirani.

"Sasa hii mitungi ya maji, nimpe shangazi yako?"

Nikamwambia aiache, nikamweleza yote, hata habari ya Jumamosi. Aliendelea kusonga ugali.

"Sawa," akasema. "Nitakaa kiti cha mbele kabisa, nikusikie vizuri."