Kozi Juu ya Tangi, na Kabula Aliyekataa Uji

Mayu,

Mama yangu, ulituacha masika, sasa kiwanda kimeshaanza kuchambua pamba. Sukari bado ni foleni. Nilitaka nianze na habari njema lakini mkono hautaki. Nina wasiwasi na mjukuu wako.

Wiki chache baada ya kukuzika Kabula alikataa uji, akalegea, makalio yakanywea. Wanawake wa hapa uani wakanong'ona kwamba nimembemenda. Kwamba baba yake alipokuja ile wiki moja kutoka machimboni Bugarama tulilala pamoja wakati mtoto ananyonya, maziwa yakachafuka. Mayu, kweli tulilala. Nikaona aibu. Siku hiyohiyo nikapaka shubiri kwenye titi, nikamwachisha. Miezi kumi na moja tu. Ananyoosha mikono, mimi nageuza uso. Labda ungenizuia. Hukuwepo.

Akilia nilikuwa namtoa nje, tunaangalia tangi la maji la kiwandani. Wale ndege wawindaji, kozi, ulionionyesha nilipokuwa na mimba wamerudi kwenye kiota kilekile kilichoachwa na kunguru. Unakumbuka dume alivyokuwa akimletea jike njiwa kabla hata ya mayai, ukasema analipa mahari kidogo kidogo? Sasa wana vifaranga wawili. Dume akija na windo, jike anaruka kumpokea hukohuko angani, kisha anachana nyama vipande vidogo, anawalisha mmoja mmoja. Mama Shija wa chumba cha pili akasema, "Kabwana kadogo kuliko mkewe, lakini hakarudi mikono mitupu. Wetu wakubwa wako Bugarama." Tukacheka. Halafu nikaona Kabula hata kichwa hainui.

Mama mkwe alisema hospitali tumsubiri mwenye mtoto, baba yake, arudi. Nikasubiri.

Kisha dume wa kozi akapotea. Siku ya kwanza jike alishinda ukingoni akiita. Ya pili, vilevile, na vifaranga wamepanua midomo. Mchana akaondoka mwenyewe, akawaacha juani peke yao. Sikuondoka pale mpaka nilipomwona anarudi na kitu kwenye kucha. Nikaingia ndani, nikamfunga Kabula mgongoni. Sikumuaga mtu.

Hospitalini muuguzi alimpima, akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. Hakunifokea. "Maziwa ya mama hayachafuki hivyo. Mrudishie mtoto titi, Mama Kabula." Akasema na uji nitie karanga zilizotwangwa, kidogo kidogo, mara nyingi. Maziwa yanaweza kurudi mtoto akinyonya sana. Yanaweza, alisema.

Mama mkwe hasemi nami. Kwa mume wangu nimetuma neno na mchimbaji aliyekuwa anarudi huko, sijui atalipokeaje. Siku tatu Kabula alishika titi akaliachia, akaniangalia kama namdanganya. Leo alfajiri amevuta mpaka nikaumia, nikamsikia anameza. Mara nne, Mayu. Halafu akalala. Kesho siijui.

Ningekuwa nawe ungeniambia kama mara nne zinatosha. Basi pumzika, mama yangu. Mimi nakuahidi hili tu: aibu yangu haitamnyima mwanangu chakula tena, waseme watakavyosema.

Naacha hapa. Ameamka, ananitafuta.

Mwanao,
Mama Kabula