Gazeti Langu Limemwachisha Dada Dawa

Mshauri mpendwa,

Nimezifupisha barua za wasomaji kwa miaka thelathini na leo naandika yangu, basi nivumilie, maana naomba msaada na sijui nikate wapi. Mimi ni mhariri wa ukurasa wa afya, mkali wa lugha, ninayeogopwa na waandishi chipukizi hata wanapopiga chafya, na mwezi uliopita mmoja wao aliniletea habari kwamba majani ya mpera yameshusha shinikizo la damu, nami nikaisafisha ikang'aa, nikaipa kichwa "Majani ya Mpera Yashinda Vidonge", kisha likaja tangazo la magodoro likitaka nafasi, nikafanya kama ilivyo desturi yetu, nikaikata habari kutoka chini, na aya niliyoikata ndiyo pekee iliyosema kwamba waliopata nafuu walikuwa panya kumi na wawili.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea, ana shinikizo la damu na hununua gazeti kwa sababu yangu tu. Ameibandika habari ile kwenye mlango wa jokofu, ameacha vidonge, anakunywa maji ya majani asubuhi na jioni, na muuguzi alipomkanya akamjibu, "Mwanangu, mdogo wangu hachapishi uongo." Nilipombembeleza avirudie vidonge, alinitazama juu ya miwani: "Si wewe uliyeandika? Au siku hizi unabishana na gazeti lako?" Nikacheka kama zuzu, nikanywa kikombe alichonimiminia, tena nikakisifu. Juzi alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Nikisema kweli, heshima yangu katika ukoo imekwisha; nikinyamaza, namhofia. Nifanyeje?

Mhariri Mwenye Haya

JIBU

Mhariri,

Pole, lakini si sana. Hata katika barua hii panya umewaweka mwisho wa aya! Dada yako kichwa kinamgonga, nawe unaipigania heshima. Heshima gani hiyo iliyoshindwa na godoro?

Weka gazeti chini uende kwake sasa hivi. Mwambie kwa kinywa chako: "Dada, walikuwa panya, na mimi ndiye niliyewaondoa." Usimtaje mwandishi, usilitaje tangazo. Mpeleke kliniki leo hii apimwe, na wahudumu wa huko ndio waamue vidonge virudi vipi. Wewe nyamaza, umekwisha kutibu vya kutosha. Kisha chapisha sahihisho katika ukurasa uleule, juu kabisa, kwa herufi kubwa kama zile za kwanza, kwa sababu dada yako si msomaji pekee mwenye jokofu. Mimi mwenyewe nina sufuria ya majani jikoni.

Atakununia. Atawasimulia shangazi na wajomba, nao watakuita Bwana Panya mpaka uzeeke. Itika. Akinuna mwezi mzima, shukuru: ili mtu anune, sharti awe hai.