Dawa ya Kabula

Jumatatu, 3 Machi
Gauni, glovu, barakoa. Friza iko sawa. Kutwa nzima peke yangu. Mfamasia wa dawa za majaribio ni mimi tu. Mgonjwa wetu, Kabula, kalazwa leo, katoka kijijini Songwa na mama yake. Ana ugonjwa wa seli mundu tangu utotoni. Atakuwa wa kwanza hapa Shinyanga kupewa jeni isiyo na kasoro. Haibebwi na kirusi kama dawa nyingine za jeni. Imefungwa kwenye vitone vya mafuta ambavyo hata darubini yetu haivioni.

Jumatano, 5 Machi
Mzigo wa dawa umefika. Barafu kavu iliisha njiani. Kipimajoto cha ndani ya boksi kinasema dawa imepata joto. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepima. Vitone vimeshikana, vimekuwa mabonge, sasa hata darubini inayaona. Vikiingia mshipani vitaziba njia ya damu, au vitanasa kwenye ini visifike kwenye uboho ndani ya mifupa, vinakohitajika. Chupa ya pili, vilevile. Nimepiga simu kiwandani, ng'ambo. Kutengeneza mkupuo mwingine wa dawa ni miezi, na hawana hakika; kila mkupuo vitone hutoka na ukubwa wake. Daktari kasema uamuzi ni wangu. Nimekataa isitumike. Nikaenda kulia chooni. Tangu nihamie kutoka Tanga sina wa kumwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza Kabula mwenyewe.
"Dada, nichome hivyo hivyo. Nimechoka kuumwa."
Nikasema siwezi. Mama yake akauliza kwa Kisukuma, Kabula akamjibu maneno mawili matatu. Mama akajifunga kanga, akaanza kukusanya vyombo vyao. Hawakunilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Jumamosi, 8 Machi
Hawajaondoka. Maumivu yamemkamata Kabula asubuhi, mifupa yote. Kawekewa dripu na mofini. Sauti yake inafika mpaka korido. Nimesimama mlangoni na koti langu jeupe, sina kazi. Najua nilifanya sawa. Kujua hakunisaidii.

Jumatatu, 10 Machi
Katulia. Nimepita wodini mchana, si kikazi. Nikamwamkia mama yake, shikamoo. "Marahaba. Kaa, mwanangu." Akasogea kwenye benchi, akanimiminia chai, akanipa michembe mkononi. Kabula akauliza dawa nyingine itakuja lini. Nikasema sijui. Akasema atasubiri nyumbani. Akaniambia nikipata nafasi nifike Songwa, niwatembelee. Kisha akasinzia. Mimi na mama yake tukatafuna taratibu. Viazi vikavu, vitamu. Nilikaa mpaka chai ikaisha.