Pikapu na Nyonga ya Mama

Jumatatu, 2 Juni

Nimesahihisha karatasi hamsini za fizikia, kidato cha pili. Arobaini hazina kitu. Chai imepoa. Nje pikapu, ya milango minne, imekaa kitako tena. Springi za nyuma zimelala tangu Deo alipoiazima kubebea matofali. Deo ni mdogo wangu, mjuzi wa magari yote duniani, mwenye baiskeli moja. Debe tupu.

Mama ametangaza leo akinywa uji: hapandi tena. Safari ya kliniki mwezi uliopita gari liligonga chini kila shimo, na nyonga yake ina chuma tangu Februari. Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Baba. Tarehe 19 daktari anataka kuona kama chuma kimeshika. Kama hakijashika na tusijue, hatatembea tena. Kwa hiyo gari lipone kwanza.

Jumatano, 4 Juni

Nyakanazi, gereji ya fundi Masanja. Deo kanifuata, kavaa miwani ya jua. Masanja anaongea na Deo. Gari ni langu, kadi ina jina langu, anaongea na Deo. Nikamwambia nataka vitu viwili: linyanyuke lisigonge, na liwe laini kwa mgonjwa. Akacheka huku anatafuna kijiti.

"Mwalimu, gali libebe au libembeleze. Chagua moja."

Nimekuja kutafuta fundi, napewa methali. Nimenunua shokapu mpya nne. Yeye ataongeza jani moja la springi, kalitoa kwenye lori bovu lililolala nyuma ya gereji. Deo anaitikia kwa kichwa kama mhandisi. Wajinga wawili, spana moja.

Jumamosi, 7 Juni

Majaribio. Watu hawa hawajaribu gari tupu. Huku gari tupu barabarani ni aibu, watu wanauliza nani kafa. Wakapakia magunia kumi ya mahindi ya mfanyabiashara mmoja, tukashika njia ya Benaco, mbele tukaacha lami makusudi, tukaingia vumbini. Nilikaa kiti cha nyuma, mahali pa Mama. Kimya. Mashimo tuliyapita kama hayapo. Deo akasema, kama kitanda cha gesti. Anavijua vitanda vya gesti, huyo.

Nimefurahi. Nimejisifu mwenyewe, si wao. Shokapu nilichagua mimi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nimembembeleza Mama hadi akapanda. Kanisani tu, dakika kumi. Yeye nyuma na mto wake, mimi kwenye usukani. Gari likaruka. Kila kijiwe linarusha mgongo kama punda aliyeumwa na nyuki. Nikapunguza mwendo, likaruka polepole. Kwenye kioo nikamwona anang'ata kanga. Safari hii hakulia. Ni vibaya zaidi.

Baada ya ibada alilikataa gari. Akarudi kwa miguu na mkongojo wake, mabibi wawili wa kwaya wakimshika mikono. Mimi niliendesha nyuma yao kwa gia ya kwanza, kijiji chetu chote cha Runazi kikitazama.

Namdharau Masanja. Namdharau Deo na miwani yake. Nawadharau wote wanaoshika spana katika wilaya hii.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kumtukana. Mbele ya madereva wa malori, kwa sauti ya darasani. Mzembe, tapeli, hujui kazi. Masanja akaendelea kufuta mikono mpaka nikachoka.

"Ulipakia nini, Mwalimu?"

"Mama yangu."

"Na nini tena?"

Sikupakia kitu kingine, nikamwambia hivyo. Madereva wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akauliza Mama ana kilo ngapi. Hazifiki hamsini. Akasema jani la lori halijui hata kama mtu kapanda.

Mimi nafundisha springi. Kila mwaka, ubaoni, uzito na mvutano, mchoro na mstari wake. Nimekaa na magunia kumi nyuma yangu nikaona raha, kisha nikamweka Mama peke yake juu ya chuma cha lori. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nimemuumiza mgonjwa kabisa. Dharau niliyokwenda nayo nimerudi nayo yote, na anayeistahili ana shahada ya ualimu.

Jumatano, 11 Juni

Masanja ameling'oa jani la lori. Majani ya zamani ameyapiga nyundo mpaka yakarudia mpindo wake. Shokapu zimebaki. Mama akae mbele, mbali na ekseli ya nyuma. Na magunia matatu yawemo kwenye bodi, lazima, ndipo springi zicheze. Bado ananiita Mwalimu. Sijui kama ni heshima.

Magunia nitayatoa wapi? Jirani yetu, Mama Kulwa, ana muhogo mkavu wa kupeleka mjini. Miaka mitatu nimemwambia hili si lori. Leo nimekwenda kwake kuomba mzigo. Akaniacha nimesimama, akapepeta mahindi yake mpaka yakaisha, ndipo akakubali. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Tumetoka asubuhi. Vumbi. Magunia matatu kwenye bodi, Mama Kulwa kiti cha nyuma. Mama alipanda mbele, mikono yote imeshika kiti.

"Mwana wanje, polepole."

Mwanawe nikaenda polepole. Tulipofika kwenye lami nikageuka kumuuliza kama inauma. Alikuwa amelala, mdomo wazi.

Hospitali nilichukua namba ya sita, nikarudi garini. Bado amelala. Mama Kulwa alishuka taratibu, akaurudisha mlango bila kuubamiza. Dirishani wakaita sita. Wakaita saba, wakaita nane. Sikumwamsha. Baadaye nikaenda kuchukua namba nyingine.